Msanifu Aliyeificha Eksi

Mtu mmoja alikuwa na kampuni jijini Mwanza, na katika kampuni hiyo alikuwa na msanifu aliyeitwa Nakijwa. Kampuni ilitengeneza mfumo wa kompyuta za mezani, ule unaoiamsha mashine asubuhi na kumfungulia mtu madirisha ya kufanyia kazi: hili la kuandikia, lile la mahesabu, lile la picha. Mfumo wao ulizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu hiyo ulipendwa mashuleni na kwenye zahanati, na zaidi kwenye steshenari, vile vibanda vya kuchapa na kutoa kopi ambavyo havikosekani mtaa wowote. Kazi ya Nakijwa ilikuwa ndogo kuitaja. Alisanifu vitufe vinavyokaa juu pembeni mwa kila dirisha: kistari cha kulishusha, kimraba cha kulipanua, na eksi ya kulifunga.

Ukimwambia mtu kwamba unalipwa mshahara kwa kuchora eksi, atacheka. Namsifu, mdogo wake aliyebaki nyumbani Usangi na mama yao, alicheka hadi akakohoa. Lakini Nakijwa aliishika kazi ile kwa uzito. Alikwenda kukaa na wachapaji, akaitazama mikono yao badala ya kuwauliza maswali. Akaona kwamba mtu anayetaka kutoka mahali hatafuti kwa macho. Mkono unakwenda wenyewe. Basi akaifanya eksi iwe kubwa ya kumtosha hata mtu mwenye mkono unaotetemeka. Akaiweka kwenye kona ileile katika kila dirisha, akaiacha hapohapo. Akaisogeza mbali kidogo na wenzake, ili anayetaka kupanua asifunge bila kukusudia. Na kama kulikuwa na kazi haijahifadhiwa, mfumo uliuliza swali moja fupi ambalo hata mgeni wa kompyuta alilielewa. Mfumo ulipotoka, hakuna aliyemsifu kwa eksi. Watu walitoka bila kufikiri, na hiyo ndiyo sifa aliyokuwa akiitaka.

Baadaye mwenye kampuni, Bwana Kamuhanda, akaleta dirisha jipya. Akalipa jina la Karibu. Lilikuwa dirisha la matangazo ya wafanyabiashara, nalo lilijifungua lenyewe kila mtu alipowasha mashine, kisha likarudi tena na tena mchana kutwa, na ngoma zake, na vigelegele vyake. Wafanyabiashara walilifurahia. Watumiaji walilifunga. Bwana Kamuhanda akaletewa taarifa ya muda ambao watu wanakaa ndani ya Karibu kabla ya kutoka, akakuta ni muda wa kupiga chafya. Akamwita Nakijwa.

"Watu wanatoka upesi mno," alisema.

"Wanatoka kwa sababu hawakutaka kuingia, bosi."

"Hilo niachie mimi. Wewe hebu ipunguze ile eksi. Kidogo tu."

Nakijwa alirudi mezani kwake akisonya. Akaipunguza. Hakuna aliyekufa. Wiki chache baadaye akaitwa tena, akaambiwa rangi yake inapiga kelele, ipauke kidogo. Akaipausha hadi ikafanana na ukuta wa nyuma yake. Akaitwa tena, akaambiwa ibadilishane nafasi na kimraba. Na kweli, tangu siku hiyo, mtu aliyetaka kulifunga Karibu alijikuta amelipanua, likajaa kioo chote. Akaitwa tena. Eksi isionekane mpaka kishale cha kipanya kipite juu yake. Akaitwa tena. Isikae pahali pamoja. Kila mara alibisha kidogo, kila mara akasonya, kila mara akafanya. Mwisho akaambiwa aweke swali kwa yule atakayeweza kuifikia, naye akaliandika mwenyewe kwa mkono wake: *Je, una uhakika kwamba hutaki kuacha kutoka?* Chini yake majibu mawili, Ndiyo na Hapana. Alipolisoma siku ya pili hakujua yeye mwenyewe angejibu lipi.

Alijiambia kwamba yeye ni mchoraji tu. Alijiambia kwamba asipofanya yeye atafanya mwingine, tena vibaya zaidi. Ni maneno mepesi kubeba, na ndiyo maana watu wengi wanatembea nayo.

Siku moja mchana mwanamke mmoja aliingia mapokezi akiwa amekumbatia kompyuta nzima, nyaya zinaburuta sakafuni. Alikuwa Bi Kabula, mwenye steshenari mtaa wa Buzuruga, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Binti wa mapokezi alimkaribisha kiti, akakikataa. Akamwuliza anamtaka nani, akasema anamtaka yeyote aliye hai. Bahati mbaya Nakijwa alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, na yule binti, kwa kutafuta nafuu, akamnyooshea kidole.

"Huyu dada ndiye wa vitufe."

Bi Kabula akamgeukia. "Wewe ndiye mwenye eksi?"

"Ni mimi, mama."

"Iko wapi?"

Nakijwa akaanza kueleza kwamba katika toleo jipya kuna mabadiliko fulani. Bi Kabula hakumwachia amalize.

"Ngoja nikueleze mimi. Jana wamekuja wafiwa. Wamesimama mbele yangu, mmoja kajishika kichwa, wanataka ratiba ya mazishi, gari lenye mwili liko barabarani linasubiri. Nimeandika jina la marehemu. Nimeandika alivyozaliwa, alivyosoma, alivyooa. Nimebakiza kuchapa. Likaja hilo Karibu lenu. Ngoma! Vigelegele! Mtu anakata kiuno kwenye kioo, anauza magodoro, mbele ya watu wenye msiba! Natafuta eksi, siioni. Napapasa, inatokea. Naigusa, dirisha linakuwa kubwa zaidi. Naigusa tena, imehama. Nimehangaika mpaka nimelipata lile swali. Mimi nimemaliza kidato cha nne, mwanangu, lile swali sikulielewa. Na mjane ananitazama. Unajua alivyonitazama? Kama vile anayecheza pale ni mimi."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikachomoa waya ukutani. Ningefanyaje? Na yote niliyoandika yakaenda na umeme. Wakaondoka mikono mitupu. Nimesikia huko makaburini ndugu walisukumana, hakuna anayejua nani anafuata kusema."

Nakijwa alikuwa bado ameshika kikombe. Akasema maneno ambayo wafanyakazi wa ofisini husema. "Pole sana, mama. Nitalifikisha kwa wakubwa."

"Sijaja ulifikishe," Bi Kabula alisema. "Nimekuja kwa sababu nataka kutoka." Akaitua kompyuta juu ya meza ya mapokezi, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaondoka, wala hakusubiri risiti ya kuipokea.

Nakijwa alilifikisha kweli. Alimsimulia Bwana Kamuhanda habari ya wafiwa, na ngoma, na mjane, naye Bwana Kamuhanda akasikiliza kwa makini akitikisa kichwa kwa huruma. Mwisho akauliza swali moja.

"Kabla ya kuchomoa waya, alikaa ndani ya Karibu muda gani?"

Haikupita muda mrefu, Namsifu akapiga simu kutoka Usangi. Mama yao alikuwa ameteleza jikoni, akavunjika nyonga. Daktari amesema kwa umri wake asifanyiwe upasuaji, alazwe nyumbani, atunzwe. Namsifu alikuwa na mimba kubwa na hakuweza kumwinua peke yake. Na kulikuwa na jambo jingine.

"Anakuulizia, dada. Kila basi likipiga honi huko chini barabarani, anauliza kama ni wewe."

Nakijwa hakuchelewa kuamua. Aliomba likizo, akaambiwa likizo zimesimamishwa kwa sababu toleo jipya linakaribia. Basi akaamua kuacha kazi kabisa. Mkataba ulimruhusu. Akiondoka kwa utaratibu, angepata mafao yake, nayo ndiyo yangemtibu mama. Akiondoka hivihivi, angehesabiwa mtoro na asingepata kitu. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi: mtu anataka kuondoka, anaaga, anaondoka. Akaenda kwa Bi Verediana, afisa utumishi, mwanamke mwenye sauti laini ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekasirika.

"Una hakika?" Bi Verediana alimwuliza.

"Nina hakika, dada Vere."

"Hutaki kufikiri kwanza?"

"Nimeshafikiri."

"Basi mwone mkuu wa kitengo chako, aridhie."

Mkuu wa kitengo alikuwa amehamishiwa Dodoma. Aliyekaimu nafasi yake alimsikiliza akasema suala la kuondoka si lake, ni la utumishi. Nakijwa akarudi kwa Bi Verediana. Bi Verediana akashangaa, akasema utaratibu umebadilika, siku hizi maombi ya kuondoka hayapokelewi mezani kwake.

"Yanapokelewa wapi?"

"Kwa mwenye mhuri."

"Mwenye mhuri ni nani?"

"Ni mimi, mdogo wangu. Lakini mhuri hauko kwangu."

Nakijwa alitoka pale akasimama kwenye korido, hajui acheke au apige ukuta. Kesho yake alirudi, Bi Verediana yuko kwenye mkutano. Keshokutwa yake alirudi, yuko, lakini kuna kipengele kimoja hakijakaa sawa, aende kwa mhasibu. Mhasibu akamwambia aanzie kwa mkuu wa kitengo. Wiki ikaisha, na nyingine ikaisha. Jioni Namsifu alipiga simu. Mwanzoni alikuwa anasema mama anauliza lini utafika. Halafu akawa anasema mama ana homa. Halafu akawa hasemi sana, anavuta pumzi tu kwenye simu, na Nakijwa akawa anamfokea mdogo wake, kana kwamba Namsifu ndiye aliyeficha mhuri.

"Unanifokea mimi?" Namsifu alisema siku moja. "Mimi ninayemgeuza kitandani na tumbo hili? Dada, hebu niambie ukweli. Huko kuna mlango au hakuna?"

Asubuhi moja aliitwa na Bi Verediana mwenyewe, akaenda mbio akidhani mambo yamekwisha. Akakuta chai imeandaliwa, na keki. Bi Verediana akampa mkono wa pongezi. Uongozi umeona thamani yake. Kuanzia sasa yeye ni Msanifu Mkuu, meza yake inahamishiwa ghorofa ya juu penye dirisha linalotazama ziwa, na chini yake watakuwapo watu.

"Dada Vere," Nakijwa alisema taratibu, "mimi nilikuja kuaga."

"Najua. Sasa kunywa chai."

Aliomba kufunga, wakampanua. Wazo hilo lilimjia kikombe kikiwa mdomoni, akakirudisha mezani. Alisimama bila kuaga, akapanda ngazi akitafuta mahali pa kupumua, akakutana uso kwa uso na Bwana Kamuhanda anashuka. Alikuwa mchangamfu. Alimwuliza habari za mama, akampa pole, akamwambia ampe salamu. Nakijwa akashindwa kujizuia.

"Bosi, kwa nini mnanizungusha? Kama hamtaki niondoke, niambieni hapana, nijue."

Bwana Kamuhanda akacheka, kicheko cha mtu anayempenda mfanyakazi wake. "Nikikuambia hapana utagombana na mimi, utakwenda mahakamani, utashinda. Usinilaumu, Nakijwa. Haya nimejifunza kwako. Mtu huna haja ya kumfungia mlango. Unausogeza tu kila akiukaribia, mpaka achoke mwenyewe, akae."

Akampigapiga begani, akaendelea kushuka.

Nakijwa alikwenda kukaa kwenye meza yake mpya. Chini kulikuwa na ziwa, lakini hakuliona. Aliona mwanamke mwenye miwani ya uzi anapapasa kwenye kioo, na nyuma yake mjane. Aliona swali alilolitunga mwenyewe siku ile, akijiona ana akili nyingi kwa kulipinda vile. Kwa wiki hizi zote alikuwa akimlaani Bi Verediana kwa hasira nzito iliyomkosesha hata usingizi, kumbe kila kitu Bi Verediana alichomfanyia kilikuwa kimeshafanywa na mtu mwingine kabla yake, kikafanyiwa majaribio, kikasifiwa kwenye vikao. Akasonya. Safari hii alijisonya mwenyewe.

Kisha akafungua mashine na kuanza kazi. Hakujificha, alifanya mchana kweupe, mlango wazi, watu wakipita na kumsalimu. Akalifuta lile swali. Akaitoa eksi mafichoni, akairudisha kwenye kona yake, akairudishia rangi yake na ukubwa wake, tena akauongeza. Akaitenga na kimraba. Akahakikisha kwamba inasikia mguso wa kwanza, na kwamba dirisha likifungwa halirudi tena siku hiyo. Walio chini yake walimwuliza kama bosi ameagiza. Akawajibu kwamba yeye si ndiye Msanifu Mkuu? Wakamsaidia. Toleo likafungwa na kutumwa kwa mawakala wa kampuni, walipeleke madukani na kwenye steshenari, na hakuna mkubwa aliyelikagua, kwa sababu wakubwa hawakagui eksi.

Siku ya uzinduzi ilikuwa ya suti na maua. Wafanyabiashara waliolipia matangazo walialikwa ukumbini, wakakaa mbele. Bwana Kamuhanda alisimama jukwaani na kompyuta, picha ya kioo chake imerushwa ukutani, kubwa kama pazia. Alieleza jinsi mfumo wake unavyomtunza mteja. Alisema kwingine kote watu wanayakimbia matangazo, lakini kwake wanakaa, na sasa atawaonyesha kwa nini. Karibu likafunguka ukutani na ngoma zake. Wageni wakapiga makofi.

"Sasa," alisema akitabasamu, "tufanye kama mimi ni mteja ninayetaka kutoka."

Akasogeza kishale bila hata kutazama. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mikono inavyokwenda, ukaigusa eksi, na Karibu likafungika. Ngoma zikakatika katikati ya pigo. Bwana Kamuhanda akacheka kidogo, akasema mashine hizi nazo. Akalifungua tena yeye mwenyewe, akaenda kutafuta, na eksi ilikuwa palepale, kubwa, nyekundu, inaonekana hadi safu ya mwisho. Mgeni mmoja, muuza magodoro, akasema kwa sauti, "Mbona inatoka kirahisi hivyo?" Watu wakacheka. Bwana Kamuhanda akaigusa tena kama mtu asiyeamini. Likafungika tena.

Alimtafuta Nakijwa kwa macho, akamwona amesimama kando ya ukuta.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna," Nakijwa alisema. "Mimi niliiweka, mimi nikaificha, na mimi nimeirudisha."

Bwana Kamuhanda hakuwa mtu wa kufoka mbele ya wageni, lakini siku hiyo alisahau kwamba wapo. Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Toka! Toka kwenye kampuni yangu sasa hivi! Sitaki kukuona hapa hata saa moja!"

Nakijwa alimtazama kwa mshangao. Neno alilolihangaikia kwa wiki zote zile, kutoka meza hadi meza, kumbe lilikuwa jepesi namna hii mdomoni mwake.

Mchana uleule Bi Verediana aliutoa mhuri kwenye mkoba wake na kuugonga bila kuuliza kama mtu ana hakika. Hata mafao yaliandaliwa, maana mwenye kampuni hakutaka Nakijwa awe na sababu yoyote ya kurudi. Mlango ambao haukuwapo ukawa mpana kiasi kwamba askari wa getini alimshikia. Kesho yake alfajiri akapanda basi, likamchukua kupitia Singida na Arusha, akateremka Mwanga, akapata gari la kupandisha milimani.

Toleo lile halikuweza kurudishwa; lilikuwa limeshafika kwa mawakala. Bwana Kamuhanda akaajiri msanifu mwingine, akatoa haraka toleo jingine lenye mambo yale ya zamani. Baadhi ya wenye steshenari walilipokea, kwa kuwa lilikuja na zawadi. Wengine walikataa, wakabaki na lile lenye eksi nyekundu, na ukiwauliza kwa nini, watakuambia halina kero. Hawamjui aliyelitengeneza. Bi Kabula naye hakurudi kuichukua kompyuta yake.

Nakijwa aliingia nyumbani Usangi mchana wa baridi, ukungu umelala juu ya migomba. Namsifu alimpokea mzigo mlangoni. Macho yake yalikuwa yamechoka kuliko umri wake.

"Anaendeleaje?"

"Hana maumivu sasa," Namsifu alisema. "Homa iliondoka naye kidogo kidogo. Siku hizi haulizi tena."

Mama alikuwa amekalishwa kwa kuegemezwa mito, shuka limenyooshwa vizuri magotini. Nakijwa akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono, akamwamkia. Mama akaitikia kwa adabu. Akamtazama mgeni huyu aliyevaa vizuri, akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mke wa mchungaji aliyekuja kumwombea. Kisha akageuza shingo, akamwuliza Namsifu kwa Kipare, kwa sauti ya chini ili mgeni asijisikie vibaya, kwamba huyu ni nani, na je, amepewa chai?

Aliishi hadi mvua za vuli. Nakijwa alimwogesha, alimlisha, alimgeuza usiku na mchana, na alipewa shukrani kila mara, shukrani nzuri zile ambazo mtu humpa asiye wake. Hakuna siku aliyoitwa kwa jina.

Ninyi mnaonisikiliza, mlio na kazi zenu na mabwana zenu, msinijibu upesi. Zile siku ambazo mama alikuwa bado anasikia honi na kuuliza, na mwanawe anazungushwa kama mtu aliyepotea sokoni, nani aliyeziiba: ni yule mwenye mlango, au ni yule aliyekaa kwa utulivu, akachora vizuri, akamwonyesha jinsi mlango unavyofichwa?